Kelele Alizozielewa Fundi Machogu

Ninaandika kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Karakana ya Ushirika, Kisii, kumuaga Fundi Obadiah Machogu, anayestaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Nakiri kwamba kazi hii sikupewa, niliiomba.

Fundi Machogu alitoka Marani mwaka 1991 na kuanza kwa kuziba pancha. Tairi ndizo zilizomfunza. Hupitisha kiganja juu ya mpira: kikiteleza kuelekea ndani na kukwaruzwa kikirudi nje, hutangaza kwamba magurudumu ya mbele yametazamana kupita kiasi. Hapo bado hajainua gari. Kelele huzisikiliza kwa mpini wa jembe uliovunjika, ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni, huku mwenzake akilitikisa gari kwa mbele. Kwa mpini huo ametibu magari ya kale kutoka Nyamira hadi ufukweni mwa ziwa, mengine yakiwa na umri mkubwa kuliko wa mwandishi huyu.

Nilipoajiriwa mwaka jana, nikiwa na shahada mpya, nilikabidhiwa Peugeot 404 ya Mwalimu Nyanchera wa Nyanchwa, iliyokuwa ikilia mbele kila ilipopita tuta. Kwa kutaka kazi yangu ipendeze, kwanza nililiosha gari lote, hata uvunguni. Nikaliendesha hadi Daraja Mbili na kurudi; kimya kabisa. Nikaandika kwenye kadi ya matengenezo: tatizo limekwisha. Siku ya tatu Mwalimu alirudi, na kelele yake ikamtangulia langoni.

Fundi alicheka hadi akaweka chini kikombe cha chai. “Mhandisi, hukulitibu. Umelinywesha maji, likanyamaza!” Kisha, bila dhihaka, akanieleza kwamba bushi iliyokauka, yaani mpira wa kwenye maungio ya vyuma vya chini, hunyamaza ikilowa, na kwamba maji yangu yalikuwa yamefuta michirizi ya kutu ambayo ingenionyesha mahali pa kutazama. Aliliacha gari juani siku mbili ndipo akaweka mpini. Tangu siku hiyo karakana yote huniita Kuosha, na jina hilo nimelizoea.

Tangu Jumatatu iliyopita, alipoanza likizo yake ya mwisho, kelele hapa ni zilezile, ila hakuna wa kutuambia zinasema nini. Saa nne chai inapoletwa, bado tunamimina kikombe chake. Mpini ametuachia, umening’inia mlangoni. Nimeuweka sikioni mara nyingi. Mara nyingi sisikii kitu.

Juzi ile 404 ilirudi, na safari hii inagonga, hailii. Nilimpigia simu Fundi. Alikataa kunisaidia: akasema nitafute jibu mwenyewe, niliandike, ndipo nimpelekee gari ahakikishe kama jibu ni sahihi. Mwalimu Nyanchera ameridhia, ingawa ameniuliza mara mbili kama kweli Fundi atakuwepo.

Fundi Machogu, asante kwa masikio uliyotuazima miaka yote hii. Shamba lako likustawie, na mapumziko yako yawe marefu na yenye afya.

Jibu langu liko kwenye kadi, na sijamwonyesha mtu. Tukutane kwako Marani, Jumapili tarehe 30 Novemba, saa mbili kamili asubuhi. Gari nitalileta na vumbi lake lote.

Sharon Anyona
Mhandisi Msaidizi