Magesa Alipouliza Kwanza

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa kanisa hili la Kitaji! Apewe tena! Mnaniona nimesimama hapa na miguu yangu miwili. Ilibaki kidogo tu mnisikie matangani.

Mimi ni mjane, natoka kijijini huko Bunda, nalima pamba. Macho yangu haya mekundu ni ya moshi, maana tangu usichana napikiaga kuni. Lakini kwetu bibi mwenye macho mekundu ameshahukumiwa kuwa mchawi.

Jirani yangu anaitwa Magesa, mfugaji. Asubuhi moja ng'ombe zake zilitoka kunywa maji lamboni, zikaanza kutetemeka, mapovu mdomoni, zikaanguka moja baada ya nyingine. Mtu mmoja akasema, "Yule bibi alikuwepo lamboni alfajiri." Kweli nilikuwepo. Nilimpeleka mbuzi wangu kunywa.

Ndugu zangu, jua halijapanda sawasawa, uwanja wangu umejaa watu. Fimbo, mapanga, mawe. Nikafunga mlango. Maombi yote niliyoyajua yalipotea, likabaki jina moja tu, Yesu, Yesu! Mlango ukapigwa teke.

"Mama, toka mwenyewe!" Ilikuwa sauti ya Magesa. "Ng'ombe zangu umezifanya nini?"

Nikafungua. Mpaka leo sijui nguvu niliipata wapi. Nikamwambia, "Magesa mwanangu, nenda nyuma ya jiko ukamwone mbuzi wangu. Kama nimeroga mimi, nimejiroga na mwenyewe?"

"Usimsikilize, anakupumbaza!" wakapiga kelele. Jiwe likagonga mlango karibu na sikio langu.

Magesa hakuwa anaigiza. Aliamini kwa moyo wote kwamba mimi ni mchawi. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, ndivyo tulivyofundishwa wote. Lakini alizunguka nyuma ya jiko. Aliporudi, uso wake ulikuwa mwingine. Akasimama mlangoni pangu, mgongo kwangu, uso kwa watu, panga bado mkononi.

"Ana mapovu yale yale," akasema. "Aliyefiwa na ng'ombe ni mimi, na mimi nasema sijui. Tumwite bwana mifugo."

Sijui! Ndugu zangu, neno hilo ndilo lililoniokoa. Wengine walimtukana, wakamwita mwoga. Hakutoka pale mlangoni.

Bwana mifugo alikuja na bodaboda, akapima, akaulizauliza. Kumbe mtu alikuwa ameosha bomba la kupulizia dawa ya pamba mle lamboni. Watu wale wale wakageuka: "Ni nani? Aletwe!" Alikuwa mdogo wake Magesa. Alianguka chini analia, anasema hakujua kama ile dawa inaua ng'ombe.

Magesa akamkinga yeye pia. "Hapana. Leo tumeshakosea mara moja."

Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, hawaniangalii.

Namshukuru Mungu aliyemfungua macho mtu mmoja katikati ya kelele. Na mimi tangu siku ile najiuliza: mangapi nimeyaamini kwa sababu tu yalisemwa na wengi? Msiogope kuuliza, ndugu zangu. Mungu wetu hakimbii maswali! Mtegemeeni. Na ukisikia watu wanasema "ni yule," nenda kwanza nyuma ya jiko ukaangalie.

Magesa, simama, wakuone. Huyu ndiye aliyenileta kanisani leo.