Gobore la Verlin Kratzer Lalia Hatimaye

Verlin Kratzer anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Januari 2025, baada ya miaka arobaini na mitatu nyuma ya kaunta ya magobore ya duka letu la Harnish Gap, Pennsylvania. Alitakiwa kuondoka mwaka 2019. Uongozi uliahirisha mara tatu kwa sababu ileile: Verlin aliapa hatoki kazini mpaka gobore lake mwenyewe likamilike na kulia, nalo lilikuwa bado.

Alianza kulitengeneza mwaka 1986. Mbao ya kitako aliichagua kwa miaka miwili. Mtutu aliupaka dawa ya kuushikisha kutu ya kahawia mara tano, na mara tano akaisugua ikatoka yote, kwa kuwa rangi ilimkumbusha chai ya hospitali.

Wateja hawakucheleweshwa hivyo. Kila mmoja alipewa ufagio, akaamriwa afumbe macho, auinue begani kama bunduki, kisha afumbue. Jicho likitazama sawasawa juu ya mpini, kitako cha urefu huo kinamfaa. Likikosea, Verlin alikata mpini kidogo, wakaanza upya. Mwaka jana duka lilinunua mifagio kumi na minne, na sakafu bado ni chafu.

Hakumwuzia mtu asichohitaji. Daktari wa meno Boyd Umholtz alipotaka mtutu mrefu kuliko yote ili ulingane na ukuta wa sebule, Verlin alimtazama juu mpaka chini. “Daktari, wewe unatafuta fimbo ya pazia. Duka lake liko ng'ambo ya barabara.” Daktari alitoka na gobore fupi la gumegume, linalowashwa kwa cheche za jiwe, na msimu ule akapata kulungu wake wa kwanza.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni ule ubao ulio nyuma ya kaunta. Mdeki, yaani fimbo ya kushindilia baruti na risasi, lazima utolewe mtutuni kabla ya kufyatua. Anayesahau huufyatua pamoja na risasi, kisha huja kusaini ubao. Tangu 1988 kuna saini sitini na moja. Mchungaji Amos Zook alisaini mara mbili. Verlin aliwasomea wateja wapya majina yote kwa sauti, mchungaji akiwepo au asiwepo.

Alhamisi iliyopita, saa tisa na dakika arobaini alasiri, alitangaza kuwa gobore limekamilika. Jumamosi tulikusanyika kwenye uwanja wa shabaha kwa mashindano ya kumuaga. Zawadi ilikuwa paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi.

“Fyatua basi, Verlin, supu ya kuku inapoa!” alipiga kelele Darlene Shenk, keshia wetu na mwamuzi wa siku hiyo.

“Nimengoja miaka thelathini na minane, Darlene. Hiyo supu nayo ingoje.”

Akatia baruti. Akashindilia risasi. Akasimama kutueleza pembe sahihi ya jiwe la gumegume, kwa dakika kumi na moja. Kisha akafyatua.

Moshi ulipopungua, mdeki alioukwangua kwa miaka sita ulikuwa umechomeka katikati ya shabaha, unatetemeka.

“Karibu chamani, ndugu,” alisema Mchungaji Zook.

Darlene alisoma kanuni: kilichotoka mdomoni mwa bunduki kikagusa duara jeusi la shabaha ni alama. Paja likawa la Verlin. Akaomba kalamu, akaingia dukani, akasaini nafasi ya sitini na mbili kwa herufi kubwa. Kisha akadai kwamba gobore lisilo na mdeki halijakamilika, kwa hiyo hastaafu.

Uongozi uliketi robo saa na kuamua kwa maandishi: wakati linalia, lilikuwa kamili.

Jumatatu, tarehe 3 Februari, Verlin atakuja kuchagua mti wa mdeki mpya. Atakuja kama mteja, na atapanga foleni. Darlene ameshamwekea ufagio.

Asante, Verlin, kwa kila bega ulilolipima. Nenda salama, upumzike vizuri, na toa mdeki kwanza.