Kumuaga Vibius Tettius, Mtetezi Aliyevuka Mpaka

Waheshimiwa watetezi wapya wa watu, mlioapishwa asubuhi hii. Waheshimiwa walinzi wa hekalu hili la Seresi, mungu wa nafaka. Wazee wetu wa kilima cha Aventino. Akina mama mlioacha mawe ya kusagia. Ndugu zangu mliotoka vitani mkakuta mashamba yamekuwa pori. Na nyinyi watoto wa mabwana mliojibanza kule nyuma na viatu vyenu vyekundu, tunawaona, sogeeni tu, nafasi ipo. Habari za mchana.

Nimepewa nafasi nimuage Mzee Vibius Tettius, mtetezi wetu wa mwaka mzima, ambaye tangu leo ni mkulima wa maharage kama zamani.

Sheria mnaijua. Tuliipata siku tulipouhama mji huu wa Roma, tukapanda mlimani, tukawaachia mabwana wajipikie wenyewe: anayemgusa mtetezi amejitafutia kifo. Lakini ulinzi huo unaisha mwaka wake ukiisha, na unaisha maili moja nje ya ukuta. Ukishapita hapo, mtetezi ni mtu tu, ana mgongo kama wako.

Sasa, mwaka huu, kabla hatujapogoa mizabibu, konsuli Mamercus Vetilius, mtawala wa mwaka, akataka askari wa kupigana na majirani zetu Wavolski. Jamani, nani hapa aliogopa vita? Tuliomba tupogoe kwanza, maana ardhi tuliyoiteka mwaka jana kwa damu yetu mabwana waligawana wao kwa wao! Tukaitwa majina uwanjani, tukagoma kuitika. Kila aliyekamatwa, Mzee Tettius alijipenyeza katikati akasema huyu haendi, na wabeba fimbo wa konsuli wakarudi nyuma.

Konsuli akafanyaje? Akabeba kiti chake, akaenda kukiweka nje ya ile maili, akaanza kuita majina huko huko. Asiyeitika, mizabibu yake inakatwa. Akaanza na shamba la mjane Rutila, kwa sababu mwanawe wa pekee hakuitika.

Mzee Tettius akafuata. Walipofika mpakani watetezi wenzake wakamshika nguo, mmoja akamwambia, "Mzee, ukipita hapa sisi hatukujui."

Akajibu, "Basi mtanijua nikirudi."

Akavuka, akaingia shambani, akaukumbatia mzabibu wa Rutila kama mtu aliyemkuta ndugu yake sokoni. Mbeba fimbo aliyetumwa kumtoa alikuwa Opita, kijana wetu, mzaliwa wa mtaa wa wafinyanzi hapo chini.

"Baba, toka," Opita akamnong'oneza. "Nitakuumiza."

"Piga, mwanangu. Mti uache."

Akapigwa mpaka nguo ikapasuka. Ila kelele za Rutila zilifika barabarani, na nyinyi, nyinyi mliokaa hapa, mliacha majembe mkavuka mpaka mkajaa shambani bila silaha. Konsuli akabeba kiti chake akarudi mjini. Tukapogoa mizabibu yetu, kisha tukaenda vitani, na Wavolski wanajua kama tulikwenda.

Wapo wenzetu wanaosema Mzee alikosea, kwamba amewaonjesha mabwana utamu wa kumpiga mtetezi. Nimelifikiria sana hilo. Sheria inayomlinda aliyekaa ukumbini na kumwacha mjane wa shambani, tuliihamia mlimani ya nini? Mzee hakuvunja sheria yetu. Alikwenda kuonyesha ilipoishia, ili tujue pa kuisukuma.

Na leo mwaka wake umekwisha. Konsuli ametuma watu wamkamate, eti alizuia jeshi la Roma. Wako pale chini ya ngazi za hekalu tangu nilipoanza kusema, wanasubiri nimalize. Ndiyo maana nimerefusha maneno, mnisamehe.

Opita, nakuona. Najua umetumwa, na kwenu mnakula kwa kazi hiyo, sikulaumu. Ila mbele yangu hapa mama yako ameinuka kwenye benchi. Amekwenda kusimama mbele ya Mzee Tettius, amefunga kitambaa chake kiunoni, na Rutila amekwenda kusimama naye. Ukimtaka Mzee, mwanangu, inabidi uanze na mama.

Ndugu zangu, nilikuwa nimejiandaa kuwaomba msimame. Naona hakuna aliyebaki amekaa, hata watetezi wapya. Kwa hiyo sina la kuongeza, nashuka niungane nanyi. Ahsanteni kwa masikio yenu.