Tairi Nililosema Nimeligonga

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu poleni na kazi. Nyote mnanifahamu. Mimi ndiye mwenye yale malori matatu ya bluu yanayolala pale Nyahanga. Shule niliishia darasa la tatu kule Samuye, na leo wenye vyeti wananiita bosi. Sisemi kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo, ndivyo nilivyo. Ila mwenyekiti wetu wa madereva aliponiomba niwaeleze nilivyofika hapa, nilimwambia haya siyasemi hivihivi, lazima niyaandike kwanza. Sababu mtaiona.

Nilianza kujifunza lori nikiwa na miaka thelathini na minane. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa ng'ombe na plau, kisha nikaingia mashimoni kuchimba dhahabu upande wa Bulyanhulu, nikatoka na kikohozi tu. Leseni nilihangaika nikaipata. Lakini, ndugu zangu, leseni haikufundishi lori lenye mzigo linataka nini. Tajiri mmoja hapa mjini akaniambia gari hanipi mpaka dereva wake mkongwe aseme nimeiva. Basi nikakabidhiwa kwa huyo mzee. Neno lake moja ndilo lingenifanya dereva au kunirudisha Samuye kwenye jembe.

Alikuwa mtu wa msikitini, mpole, kofia yake haichafuki hata kwenye vumbi la barabara ya Geita. Miezi minne ya kwanza sikushika usukani. Kazi yangu ilikuwa kuamka, kuchukua kipande cha nondo na kugonga tairi moja baada ya jingine, mpaka yale ya ndani yaliyojificha nyuma ya wenzake. Tairi lenye upepo linalia na kurudisha mkono. Lililoisha linameza nondo, kimya. Yeye alikuwa anakaa mbali na kikombe cha kahawa, anasikiliza, halafu anasema la tatu kushoto liongezwe. Tunapima, kweli limepungua. Sijaona sikio kama lile.

Mwezi wa tano akanipa usukani. Mimi nikavimba kichwa. Nikanunua miwani ya jua.

Asubuhi moja tulikuwa tumepakia saruji, tunaelekea Bulyanhulu. Mzee alikuwa ndani anaongea na karani wa ghala. Nikatoka na nondo yangu. Pale kwa mama ntilie walikaa madereva wengine wanakunywa chai, na mmoja akasema, bila hata kunitazama, "Huyu utingo mwenye mvi wamemtoa wapi?" Wakacheka. Mama ntilie naye akacheka.

Nikaitupa ile nondo kwenye kebini. Nikavaa miwani, nikapanda, nikawasha. Mzee akaja, akauliza kama alivyouliza kila siku, "Umegonga?"

"Nimegonga yote, mzee."

Akapanda. Hakurudia kuuliza, kwa kuwa alikuwa ananiamini.

Tulikwenda kama saa moja na nusu. Mzee akainamisha kichwa, akasema gari linavuta kushoto, niegeshe. Nikaegesha. Akashuka yeye, mimi nikabaki juu, bwana dereva na miwani yangu. Tairi la ndani lilikuwa limeisha upepo tangu asubuhi, na la nje lilikuwa limebeba mzigo wote peke yake mpaka likachemka. Mzee alikuwa ameinama hapo anatazama. Likapasuka.

Nawaambia, nimesikia baruti mashimoni, haikuwa vile. Niliposhuka alikuwa amekaa chini, damu inatoka masikioni, kofia sijui iliruka wapi. Alikuwa ananitazama mdomo. Nilikuwa naongea, naongea, naye ananitazama mdomo tu.

Hospitali walimtibu majeraha, yakapona. Masikio hayakurudi.

Sasa sikieni ubaya wangu. Tajiri alisema kosa ni la dereva mkuu, akamwachisha kazi. Lori akanipa mimi. Nikalichukua. Nikaliendesha wiki saba, nalala vizuri na kula vizuri, huo ndio ukweli. Watu hapa wakaanza kuniita dereva, nami nikawa naitika.

Siku moja nilipita kumsalimia mzee. Mke wake alinikaribisha vizuri mno, akaniwekea wali. Akaniambia, mume wangu chakula hali vizuri. Kila mgeni anayekuja, yeye humweleza jambo lilelile: mwanafunzi wangu aligonga, lakini mimi sikumfundisha vizuri kusikiliza, kosa ni langu. Mzee mwenyewe akaingia, akanishika bega, akaongea kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "Nisamehe, mwanangu. Nilikufundisha vibaya."

Nikaisukuma sahani ya wali pembeni.

Nikamwambia pale pale. Nikasema yote. Akawa ananitazama mdomo, anatikisa kichwa, hakuambulia kitu. Mke wake amesikia, amesimama na jagi la maji mkononi. Nikamwomba kalamu. Akaniuliza, nikuandikie? Nikakataa. Akang'oa kalenda ya ukutani, nikaandika nyuma yake. Mimi wa darasa la tatu, jasho linanitoka, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Niliandika neno moja: SIKUGONGA.

Alilisoma muda mrefu. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Kesho yake nilimweleza tajiri, akaninyang'anya ufunguo. Nikarudi Samuye kulima. Kijiji kizima kikajua. Msimu mzima ulipita.

Mavuno yalipoisha, mzee akashuka kwenye basi pale kijijini. Hakunisalimu. Alikuwa na ile nondo, ameifunga kwenye gazeti. Akanipeleka kwenye lori lililokuja kupakia pamba, akamwomba mwenye lori ruhusa, akaweka kiganja chake juu ya tairi. Akasema, "Gonga. Nitasikia kwa mkono."

Nikagonga huku nalia. Akasema, "Linalofuata."

Alinifundisha upya mwaka mzima, kisha akaenda mwenyewe kwa tajiri kunisemea. Kila nilichonacho kimetoka hapo. Malori yangu matatu, kila asubuhi nayagonga mwenyewe, bosi mzima, na wanaocheka wacheke.

Namshukuru yule mama wa kalenda. Nakushukuru wewe tajiri, uliyeninyang'anya ufunguo na ukanirudishia. Na ninyi mnaojifunza gari leo, mtu akikuuliza umefanya, na hujafanya, mwambie hujafanya. Ni aibu ya dakika moja. Yangu nimeibeba miaka kumi na moja, sijaishusha.

Sababu ya kuandika ni hii: mzee wangu amekaa hapa mbele, ana nakala mkononi, anafuata kwa kidole. Mkipiga makofi hatasikia. Basi naomba kila mmoja apige benchi alilokalia, kwa nguvu. Hilo litamfikia.