Kengele za Netherwick na Mke wa Amos

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji, Mchungaji wetu Philippa, Bi. Imogen mwongozaji wa filamu hii, ndugu zangu wapiga kengele mliokaa karibu na bia kuliko jukwaa, mabibi na mabwana, habari za jioni!

Filamu mmekwisha kuiona. Mmemwona Lucian Thornbury, mshairi aliyeyasifu mapenzi kuliko wote na kuchukua wake za watu kuliko wote. Je, na mimi mmeniona? Naona mnatazamana. Niliigiza wiki nzima, jamani, na kilichobaki ni mgongo na kofia! Mke wangu Doreen ameninong'oneza, "Mgongo umejitahidi. Wangeonyesha na uso, tungeumbuka."

Nilipewa nafasi ya Amos Gossage, babu wa babu zangu, nahodha wa wapiga kengele wa kanisa hili, ambaye mkewe Tabitha aliondoka na mshairi akamwachia watoto na chungu jikoni. Kwa aibu hiyo Amos aliapa kwamba kengele za Netherwick hazitalia kamwe kwa Thornbury wala kwa yeyote aliyemfuata, na kila nahodha tangu hapo amerithi kamba pamoja na kiapo. Leo nahodha ni mimi. Bi. Imogen alipoomba tupige kengele jioni hii filamu ikiisha, nilimjibu kwa maringo, "Bibie, labda nife kwanza." Akasema, "Basi angalau uigize." Nikakubali mbio mbio, nikijua nitapata nafasi ya kumzaba mshairi kofi. Kumbe kofi hawakuliandika!

Ikafika siku ya kuigiza pale mlangoni, Tabitha akimwacha Amos. Tabitha anatoka na kifurushi chake, mimi nimesimama tu. Tukarudia, tukarudia, hata chai ikapoa. Mwishowe binti aliyeigiza Tabitha akanigeukia.

"Mzee Wilfred, mbona huniiti hata jina?"

"Halimo kwenye maandishi, mwanangu."

"Na huko nyumbani kwenu mnaniitaje?"

Ndugu zangu, kwetu anaitwa "yule". Jogoo wetu ana jina, bibi yetu hana! Hadithi hii nimeisimulia kwenye kila harusi mpaka watu wakaacha kunialika, na sikuwahi kufikiri kwamba wale watoto walioachwa ndio sisi. Hii pua ni ya nani? Si ya Amos. Mchoro wake upo mnarani, na pua yake ni kama kifungo cha shati. Hii ni ya Tabitha.

Naye aliporudi, alirudi ndani ya jeneza. Hapa kwetu hata mwizi wa kondoo hupigiwa kengele siku ya kuzikwa, ndimi za kengele, vile vyuma vinavyogonga ndani, zikifungwa ngozi ili zilie kwa upole. Yeye alipitishwa lango la kanisa kengele zikiwa kimya, wanawe wamesimama chini ya mnara. Tulidhani tunamkomoa mshairi. Mshairi alikwisha kuzikwa Italia, hana habari! Tuliyemkomoa ni mama yetu wenyewe, na inaniuma, nasema wazi.

Namwona mpigaji mwenzetu Cyril huko nyuma amekunja uso. Unasemaje, Cyril?

"Kiapo je, nahodha?"

Kiapo kilikuwa cha Amos, Cyril, na Amos alikuwa na hasira kubwa na pua ndogo. Nakivunja mimi. Kama kuna laana, ije nyumbani kwangu. Doreen amezoea balaa.

Bi. Imogen, uniwie radhi: mshairi wako hatumpigii. Ana filamu ya saa mbili, inamtosha. Mchungaji, funguo za mnara, tafadhali. Wapigaji, wekeni glasi chini. Tunampigia Tabitha Gossage, na ngozi hatufungi. Zilie kwa sauti yote.

Asanteni kwa kumvumilia mzee mwenye domo refu. Sasa tokeni nje, tumzike bibi yetu.