Ombi la Kurudishiwa Kasha la Chuma Lililopandwa Maua

Mgeni wetu rasmi, ambaye ni Bwana Mhandisi Mkuu wa Kampuni, Bwana Meneja wa mgodi, Padri, wazee wa Kaisho, na ninyi nyote mliopanda kilima hiki kwa miguu: shikamooni.

KUKUKARIBISHA

Sisi wafanyakazi wa mgodi wa bati wa Nyakashozi tunakukaribisha kwa mikono miwili, leo tarehe 27 Februari 1957. Tumefurahi kusikia kwamba uliishi Tanga miaka sita na Kiswahili unakielewa vizuri. Kwa hiyo mkalimani aliyeandaliwa na Bwana Meneja anaweza kukaa akanywa chai yake.

Tunasoma kwa sauti kubwa kwa sababu pampu inafanya kazi hapo karibu nawe. Utuwie radhi. Kiti chako tumekiweka kulia kwa pampu, kwenye jua. Bwana Meneja alitaka ukae kushoto, penye kivuli na penye kupendeza kwa picha. Tulibishana naye asubuhi yote kwa heshima, mwisho akaamua kukaa kushoto yeye mwenyewe.

Kwaya iliyokupokea ina watu arobaini na mmoja na haikuimba vizuri. Tunalijua hilo. Hao ndio wachimbaji wote wa shimo la chini, na kujiunga na kwaya ndiyo njia pekee tuliyopata ya kuwaombea ruhusa ya kutoka shimoni leo.

Tena, pamoja na maua, binti yetu Xaveria amekupa ufunguo. Tafadhali uweke mfukoni. Tutaueleza kwa wakati wake.

HISTORIA FUPI YA PAMPU YETU

Mgeni rasmi, pampu hii hunyonya tope kutoka shimoni, yaani maji, mchanga na changarawe yenye bati ndani yake, ikalipandisha hadi kwenye mifereji ya kuoshea juu kilimani. Mwili wake wa nje, ambao tope huzunguka ndani yake, ndio tunaouita kasha. Kasha la zamani lilikuwa la chuma kinene, baya la sura, na watu wanne walilibeba kwa kunung'unika. Kila moja lilidumu miezi saba. Likikaribia kuisha lilianza kuguna wiki nzima, na mwangalizi wake, Mzee Gosbert Ndyamukama, aliyekuwa na pampu hii tangu mwaka 1941, aliliwekea kiganja na kusema, "Hili Jumatatu tulibadilishe." Likabadilishwa Jumatatu.

Mwaka jana likaja kasha la titani. Tuliambiwa ni metali mpya ya ndege, haishiki kutu, na hata maji ya bahari hayaiwezi. Mtu mmoja alilibeba kwa mkono mmoja, huku akipunga mkono wa pili kwa watazamaji. Tulipiga vigelegele.

Likadumu siku kumi na tisa.

Ilikuwa katikati ya masika. Kasha lilitoboka upande wa kushoto, chini kidogo ya tumbo, pampu ikatema tope nje, na shimo la chini likaanza kujaa. Cassian Rwezaura na wenzake wanane walining'inia kwenye gogo la kuegemezea ukuta tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, maji yakiwa kifuani. Cassian yuko hapa, ni yule wa mstari wa mbele kwenye kwaya asiyefungua kinywa. Tangu siku ile haimbi.

Taarifa iliyoandikwa kwako ilisema Mzee Gosbert alilipiga kasha kwa nyundo. Mgeni rasmi, Mzee Gosbert hakulipiga. Jambo hili limetuuma sana na bado linatuuma. Aliondolewa kwenye pampu akapelekwa kukata nyasi.

MAFANIKIO

Kasha la pili la titani lilikuja likiwa limefungwa kwa kitambaa cheupe, pamoja na amri kwamba lisikwaruzwe. Tukalipa jina la Omugole, yaani bibi arusi, kwa kuwa huku kwetu bibi arusi mpya hukaa ndani, hulishwa vizuri, na hashiki jembe.

Sasa tulijiuliza: tope litapitaje ndani ya kasha bila kulikwaruza? Mzee Gosbert, akiwa na mafungu yake ya nyasi mkononi, ndiye aliyepata jibu. Kila mtu hapa anajua kutengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu huwekwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, zikakanyagwa kwa miguu, na maji yake yakachujika safi. Tukachonga mtumbwi wa hatua kumi na mbili, tukaujaza nyasi, tukalimwaga tope humo, na watu ishirini wakalikanyaga kutwa. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kiasi kwamba Bi Placidia, kiongozi wa wakata nyasi, aliyapikia maharage.

Maji hayo ndiyo tuliyompa Omugole. Aliyapandisha hadi juu vizuri sana, nayo yakateremka kwa mfereji hadi chini, akayapandisha tena. Mchanga wenye bati, ambao ndio kazi yenyewe, tuliupandisha kichwani kwa makarai. Amri ilitaka kasha lisikwaruzwe. Kuhusu pampu kupandisha mchanga, amri haikutaja kitu.

Basi miezi minane ikapita bila mkwaruzo. Bwana Meneja alikuandikia kwamba titani imeshinda mchanga wa Nyakashozi, na tumesikia kwamba umekuja kuzindua makasha mengine kumi na moja ya namna hiyo, kwa mashimo yote ya Kampuni. Mgeni rasmi, hapo ndipo usingizi ulipotuisha. Tulikuwa tukitii amri, kumbe tulikuwa tukitoa ushahidi wa uongo kwa miguu yetu.

MATATIZO

Titani si metali mbaya, na hatumsemi mtu aliyeitengeneza. Haina ugomvi na kutu. Ila hapa Kyerwa hatuna bahari, tuna changarawe. Padri, aliyesoma mambo haya ujanani, alitueleza kwamba titani ina ngozi nyembamba sana juu yake, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Kwenye maji matupu ngozi ikitoka hurudi mara moja. Kwenye mchanga hutoka, hurudi, hutoka, na kila mara inaondoka na nyama kidogo. Chuma kigumu hakina mambo hayo. Kinaota kutu na kinaendelea na kazi.

Bwana Meneja, samahani, karatasi zimebaki mbili tu.

Masika inaanza wiki mbili kuanzia leo. Mvua ikinyesha, tope hushuka kwa kasi ambayo hata wakanyagaji mia hawaichuji. Litaingia lote kwenye kasha la titani. Watu hawa arobaini na mmoja wa kwaya watakuwa chini.

MAOMBI

Tuna ombi moja. Turudishiwe kasha la chuma.

Liko karibu, tena halijachakaa. Limepandwa maua mbele ya nyumba ya Bwana Meneja, kushoto ukipanda ngazi. Maua ni mazuri, na Bibi Meneja ameyatunza, kwa hiyo Bi Placidia ametengeneza sanduku la mbao na udongo wenye samadi, na atayahamisha mwenyewe leo kabla ya chakula. Mzee Gosbert naye arudi kwenye pampu yake.

Tulijua kwamba maneno yetu peke yake hayatatosha, maana yalishawahi kupimwa na nyundo isiyokuwapo yakaonekana mepesi. Kwa hiyo siku ile tuliposikia kwamba unakuja, tuliondoa nyasi kwenye mtumbwi. Tangu hapo Omugole amekula tope kama pampu nyingine yoyote. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Mzee Gosbert ni yule aliyekaa nyuma ya pampu na kofia kichwani. Analisikiliza kasha.

DUA

Mwenyezi Mungu akujalie afya, Bwana, wewe na watu wako. Akurudishe nyumbani ukiwa mkavu. Awape wenye vyeo masikio na wachimbaji pumzi. Naye ailinde mikono ya kila mtu anayefanya kazi mahali asipoonekana.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Pampu na Shimo la Chini, Mgodi wa Bati wa Nyakashozi.

Risala hii imesomwa na mimi, Yustus Mutalemwa, karani wa stoo, ambaye sasa ninasema bila karatasi: Mzee Gosbert amevua kofia. Inuka, Bwana, usogee kwangu. Bwana Meneja, na wewe tafadhali, haraka kidogo. Mgeni rasmi, gusa mfuko wako. Nyundo zote za mgodi huu zimefungiwa stooni tangu jana, na ufunguo unao wewe.