Kamba Wanaopanda Vijito

Basi letu lilikuwa linakaribia Chewele. Bishara, mtafiti wa mito, alikuwa anakwenda kumuaga mamake kabla ya kuhamia kisiwa cha mbali kuchunguza vijito kwa miaka miwili. Mzee Galgalo, abiria aliyeketi kando yake, alikuwa amejuana naye tulipopandia Garsen tu, lakini tayari alimwita "binti yangu". "Tana, mto wetu, imekukosea nini?" alimuuliza.

"Haijanikosea, baba. Huko kamba wachanga huchukuliwa na maji hadi baharini, kisha hupanda tena vijitoni. Nataka kujua ukame unawafanya nini."

"Kwa hiyo wanarudi kwao?"

"Wanarudi kwenye maji matamu. Si lazima kijito kilekile."

Mzee alimbebea mkoba hadi mlangoni. "Hilo la mwisho, la kijito," alimwambia basi liliposimama, "mamako usimwambie."